MTUMWA NAYE ANA ASILI

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo tumekua nayo sisi wa Buyenzi na Bwiza, na ndugu zetu wa Uvira na Ujiji vilevile. Mzee akitaka kumkaripia kijana aliyejisahau, humpiga nayo. Lakini liko jambo moja ambalo methali hiyo haikulisema. Yule ambaye asili yake hakuiacha kwa hiari, bali alinyang'anywa kwa bunduki na mnyororo, yeye tumwite nani? Na wajukuu wake wakirudi nyuma kuitafuta, tuwaambie nini?

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusema habari za mishahara, mikataba, ajali za kazini na malimbikizo. Mara hii twaomba nafasi tuseme habari za mwandishi wa habari mmoja wa Kenya, Joe Khamis, ambaye baada ya miaka mingi ya kuandika habari za watu wengine aligeuka akaandika habari za wazee wake. Mwanachama aweza kuuliza: jambo hili linawahusu nini wafanyakazi? Twajibu kwamba linawahusu sana. Mtumwa ni mfanyakazi aliyehesabiwa kwa vichwa, wala si kwa jina. Na sisi, kama tutakavyoonyesha hapa chini, bado twaumia kwa sababu ya majina.

MWANDISHI AGEUKA NYUMA

Joe Khamis ni mtu wa pwani ya Kenya. Alifanya kazi ya uandishi wa habari, akapanda hadi kuwa mkurugenzi wa Shirika la Utangazaji la Kenya. Baadaye akaingia siasa, na toka mwaka 2002 hadi 2007 alikuwa mbunge wa Bahari, upande wa Kilifi. Alipotoka bungeni akaishika kalamu tena. Mwaka 2011 alitoa kitabu cha siasa za Bunge. Mwaka 2014 akatoa Dash Before Dusk, kitabu cha maisha yake mwenyewe, na katika jina la kitabu hicho akajitaja waziwazi kuwa ni mzao wa watumwa. Mwaka 2016 akatoa kingine, The Wretched Africans, kinachoeleza vijiji vya watumwa waliokombolewa, Rabai na Freretown, karibu na Mombasa.

Tusipite haraka hapo penye jina la kitabu. Mtu aliyekuwa mkurugenzi, tena mheshimiwa wa Bunge, angaliweza kunyamaza. Nani angalimuuliza? Pwani yote, toka Lamu hadi Kilwa, na hata huku kwetu bara, neno mtumwa ni tusi. Posa zimevunjika kwa neno hilo. Watu wamekataliwa kuswalisha, wamekataliwa kusema barazani, kwa sababu jirani alinong'ona kwamba babu yao alinunuliwa. Familia nyingi zimejibunia asili ya mbali ili kulifunika jambo hilo. Yeye akaliweka juu ya jalada, mahali ambapo kila mpita njia dukani hulisoma.

Twaona hapo kazi ya mwandishi wa habari hasa. Mwandishi wa habari huzoea kumwuliza waziri swali ambalo waziri hapendi kuulizwa. Basi siku moja akaligeuza swali hilo likaelekea nyumbani kwake: sisi tulitoka wapi, nani alituleta, na kwa nini wazee wakiulizwa hukohoa tu?

RABAI NA FRERETOWN

Kwa wale ambao hawajafika Mombasa, twaeleza kidogo. Rabai ni mahali pa milimani, nyuma ya kisiwa cha Mombasa. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifungua misheni huko mwaka 1846, pamoja na mwenzake Rebmann. Kwa miaka mingi waliobatizwa walikuwa wachache mno. Baadaye wakaja Waafrika waliokombolewa baharini walipokuwa watoto, wakapelekwa India, wakasomeshwa huko Nasik, kisha wakarudishwa Afrika kusaidia kazi ya misheni. Hao waliitwa Waafrika wa Bombay. Mmoja wao, William Jones, alikuwa nguzo ya Rabai.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alibanwa na Waingereza akatia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa na kukataza kuwapitisha baharini. Lakini majahazi hayakukoma siku hiyo. Yaliendelea kusafirisha watu kwa siri, na manowari za Kiingereza ziliyawinda. Likikamatwa jahazi, waliomo wapelekwe wapi? Kwao ni mbali, Unyasa, Uyao, Umakua, mwendo wa miezi, na njiani wakamataji ni walewale. Hapo ndipo misheni ikanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ikajenga kijiji mwaka 1875, na kukipa jina la mkubwa wa Kiingereza, Sir Bartle Frere. Ndiyo Freretown. Ilitundikwa kengele ya kuwaonya watu wakati wa hatari, maana wenye watumwa walikuwa wakitishia kukivamia kijiji. Mahali hapo mpaka leo paitwa Kengeleni.

Rabai nayo ilijaa watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya pwani wenyewe bila kungoja manowari ya mtu. Waliwaudhi sana mabwana wao. Mambo yalikaribia vita, mpaka kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani ikawalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati zao za uhuru. Ndugu msomaji, liangalie vema jambo hilo. Fidia alipewa bwana. Aliyefanya kazi miaka yote bila ujira hakupewa hata pesa moja ya nyuma. Sisi wa chama cha wafanyakazi twajua jina la deni la namna hiyo: ni malimbikizo, na hayajalipwa mpaka leo.

Wala uhuru wenyewe haukuwa kamili. Ndani ya Freretown watu walilimishwa, walipigiwa kengele ya kazi na kengele ya sala, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 palizuka malalamiko makubwa ya viboko na kufungwa, hata ikabidi uchunguzi ufanywe. Msimamizi mmoja wa misheni alikuwa amewachapa watu kana kwamba hawajakombolewa. Kwa hiyo mtu aliyetoka katika mnyororo wa mfanya biashara alikuta fimbo ya msimamizi inamngoja. Hata hivyo palepale walisoma. Wakatoka walimu, makarani, wakalimani na mafundi, wakatawanyika kufanya kazi Afrika Mashariki. Kwa kuwa kila mtu alitoka na lugha yake, lugha yao ya pamoja ikawa Kiswahili. Hapo sisi wa Buyenzi twajitambua kabisa.

MBOTELA ALITANGULIA

Joe Khamis hakuwa wa kwanza kufuata njia hiyo. Mwaka 1934 mwalimu mmoja wa Freretown, James Mbotela, alitoa kitabu kidogo kwa Kiswahili, Uhuru wa Watumwa. Ndani yake alieleza jinsi baba yake, Mzee Mbotela, alivyokamatwa upande wa Unyasa na Uyao, akatembezwa hadi pwani, akapakiwa jahazini, na jahazi likakamatwa na manowari. Kilisomwa mashuleni kwa miaka mingi. Wataalamu wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza na kuwabebesha Waarabu lawama yote, nasi twaona lawama hiyo ina haki yake. Mwalimu wa misheni aliandika akiwa chini ya paa la misheni. Lakini sifa yake haifutiki. Mtoto wa mtumwa aliandika kwa lugha yake, akamtaja baba yake kwa jina, wakati vitabu vya wazungu vilisema watumwa kadhaa tu.

Wa ukoo huohuo ni Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki Februari 2025. Wengi wanamkumbuka kwa asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, askari walioasi Nairobi walipomlazimisha asome tangazo lao redioni huku wakimwelekezea bunduki. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kipindi chake cha miaka mingi, Je, Huu ni Ungwana? Humo aliwauliza wasikilizaji kama ni adabu kufanya jambo hili au lile: kupiga kelele usiku, kumdharau mgeni, kula mbele ya wenye njaa.

Tulipokuwa tukiandaa makala haya tulilitafakari neno hilo. Ungwana leo maana yake ni adabu njema. Zamani ulikuwa ni hali ya mtu asiyekuwa mtumwa. Mwungwana upande mmoja, mtumwa upande mwingine, na katikati ukuta. Basi mzao wa Mzee Mbotela ndiye aliyesimama redioni mwaka baada ya mwaka kuwauliza wenye nchi, mabwana kwa watwana, je, huu ni ungwana? Sisi twaona hilo latosha kuwajibu wale waliovunja posa.

Na neno hilo halikukomea pwani. Wapagazi na askari waliotoka Zanzibar kwenda Manyema waliitwa Wangwana, na Kiswahili chao kilichoenea ng'ambo ya ziwa letu kikaitwa Kingwana. Wengi wa hao Wangwana walikuwa watumwa, au watoto wa watumwa, waliojipa jina la uhuru walipofika mbali na mabwana zao. Kwa hiyo anayejivuna hapa mjini kwamba yeye ni mwungwana wa asili, na amwulize bibi yake kwanza.

KUULIZA KUNA KANUNI

Hatutaki mtu afikiri kwamba kuandika asili ni kukaa chini na kuandika kila linalopendeza. Upo mfano wa Marekani ambao dunia nzima iliuona.

Alex Haley alikuwa mpishi wa meli katika walinzi wa pwani wa Marekani. Kwa kuandika barua na habari fupi fupi usiku akapandishwa hadi kuwa mwandishi wa habari wa kikosi hicho. Alikitumikia miaka 20, akatoka mwaka 1959 akaandikia magazeti. Bibi yake huko Henning, Tennessee, alikuwa akisimulia barazani habari za Mwafrika mmoja wa kwanza wa ukoo wao. Haley akaifuata habari hiyo, maktaba kwa maktaba, mpaka kijiji cha Juffure nchini Gambia, na mwaka 1976 akatoa kitabu kiitwacho Roots, maana yake mizizi. Januari 1977 kikaonyeshwa katika televisheni usiku 8 mfululizo, na mamilioni ya watu wakaacha shughuli zao kutazama. Weusi wa Marekani ambao waliona haya kutaja utumwa wakaanza kuuliza wazee wao.

Lakini tusifiche upande wa pili. Mwandishi mwingine, Harold Courlander, alimshtaki Haley kwamba amechukua maneno kutoka kitabu chake, na mwaka 1978 Haley akakubali kumlipa nje ya hukumu. Kisha wataalamu wa kutafuta vizazi wakapekua daftari za Virginia wakaona kwamba yule mtumwa Toby, ambaye Haley alisema ndiye Kunta Kinte aliyeshushwa Annapolis mwaka 1767, alikuwa amekwisha andikwa huko kabla jahazi halijafika. Na yule mzee wa Gambia aliyemsimulia habari za Kunta Kinte alikuwa akijua kabla mgeni amekuja kutafuta nini. Aliyeulizwa alimpa mgeni alichotaka kusikia.

Je, kitabu kikatupwa? La. Mlango ulikwisha funguka, na mpaka leo watu wanapita. Ila funzo ni kubwa, nalo ni funzo la kazi ya magazeti yenyewe. Usimtajie shahidi jibu kabla hujamwuliza. Habari ya mtu mmoja ni fununu; tafuta wa pili asiyekaa naye nyumba moja. Palipo na karatasi, iwe daftari la misheni, kitabu cha kodi au kadi ya kazi, linganisha na maneno. Na pale usipojua, acha nafasi wazi. Nafasi wazi ni heshima kwa wazee kuliko uongo mtamu.

Mfano wa karibu zaidi ni Dar es Salaam. Kleist Sykes, ambaye baba yake, Sykes Mbuwane, aliletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji kuwa askari, alifanya kazi ya reli, akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Association mwaka 1929. Kabla hajafa mwaka 1949 aliandika habari za maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, akazitumia kuandika habari za babu yake, zikachapwa mwaka 1973. Bila karatasi hizo nani angejua? Na mtoto wa Kleist, Abdulwahid, mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa katibu wa chama cha wapakizi wa bandari ya Dar es Salaam, chama kilichovunjwa na serikali ya kikoloni baada ya mgomo wa mwaka 1950. Kwa hiyo mjukuu akiandika habari za babu, huenda anaandika pia habari za chama cha wafanyakazi bila kukusudia.

NA SISI WA BUJUMBURA

Sasa turudi nyumbani. Kusini ya mji wetu, pale Mugere, pana jiwe kubwa. Wageni hupelekwa kulitazama na kupiga picha. Limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Waingereza hao walilala hapo usiku kadhaa walipokuwa wakizunguka upande huu wa Tanganyika kwa mtumbwi. Nani alipiga makasia? Nani alibeba hema, masanduku na shanga? Nani alipika? Jiwe halisemi. Sisi hatuna ugomvi na majina mawili yaliyoko. Twasema tu kwamba jiwe ni kubwa, na nafasi ilikuwepo.

Ziwa hili lilikuwa njia. Ujiji ilikuwa kituo cha pembe na watumwa. Kutoka huko Rumaliza, yaani Mohamed bin Khalfan, alituma watu wake kaskazini, akajaribu kuingia Burundi, na Mwami Mwezi Gisabo akamzuia. Kwa hiyo Burundi ya milimani haikuchukuliwa kama Manyema ilivyochukuliwa. Lakini mji huu wa pwani ya ziwa ulikusanya watu wa kila upande: Wamanyema, Wabwari, watu wa Ujiji, askari wa Wajerumani na wapagazi wao, kisha vibarua wa Wabelgiji. Babu zetu walijenga barabara, walipakia meli, walitengeneza magari. Mpaka leo ukitaka injini ifufuke unaipeleka Buyenzi. Lakini mwulize kijana wa gereji babu wa babu yake alikuwa nani, atakutajia mtaa na avenyu, basi.

Na hapa ndipo tuliposema kwamba jambo hili linamwumiza mfanyakazi mfukoni. Nchini Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ndugu watano wa baba mmoja na mama mmoja wana majina matano. Ni desturi nzuri, maana jina la Kirundi hubeba neno la mzazi: Bukuru na Butoyi ni pacha, Ntakirutimana asema hakuna lililo kubwa kuliko Mungu, Nzikobanyanka anaambia majirani kwamba anajua wanamchukia. Waislamu wetu nao wana majina yao. Lakini jina hilo halimwonyeshi mtoto ni wa nani. Ukiongeza kwamba wazee wengi waliandikwa wamezaliwa mnamo mwaka fulani tu, na karani mmoja aliandika hivi na mwingine vile, basi mfanyakazi akifa, shida yaanza. Katika kazi yetu ya chama tumewaona wajane wamekaa kwenye benchi la ofisi asubuhi hadi jioni, wanaambiwa jina la marehemu katika kadi ya kazi silo lililoko katika cheti cha ndoa. Tumewaona mayatima wakiambiwa walete uthibitisho kwamba baba yao alikuwa baba yao. Mtu amekatwa mchango wa pensheni miaka 30, na mwisho wake herufi moja inazuia fedha zisitoke.

Sasa fikirini. Kama katika nyumba hiyo pangalikuwa na daftari moja, limeandikwa na mzee mwenyewe, limetaja baba na mama, mahali na mwaka, kazi ya kwanza na kampuni, majina yote aliyopata kuitwa, kazi ya kumtetea ingalikuwa rahisi mara kumi. Daftari si hati ya serikali, twajua. Lakini ndilo linalotuonyesha hati itafutwe wapi, na mashahidi ni kina nani.

ASILI SI PANGA

Tuna jambo moja zito la kusema, wala hatulisemi kwa wepesi. Katika nchi hii swali la asili limeua. Mwaka 1972 watu waliondolewa kazini, mashuleni na majumbani wakauawa, zaidi ya laki moja, na walioulizwa wengi waliulizwa asili. Mwaka 1993, baada ya kuuawa Rais Ndadaye, swali hilohilo likarudi, na vita vikafuata miaka mingi. Ndiyo maana mzee wa Burundi akiulizwa na mjukuu, sisi ni kina nani, hutazama mlango kwanza.

Basi twaelewa wanaosema ni heri kunyamaza. Lakini je, kunyamaza kulituokoa? Waliokuja na panga hawakuja na kitabu cha vizazi. Walikuja na neno moja tu, kabila, na neno moja lilitosha kufuta habari zote za mtu: nani alimlea, nani alimwoa, nani alimkopesha mbegu. Anayeandika asili yake kwa ukweli hadi mwisho hukuta mambo mengine kabisa. Hukuta bibi wa upande wa pili. Hukuta rafiki aliyeficha watoto. Mwandishi wa habari wa Burundi, Aloys Niyoyita, mtoto wa Mhutu na Mtutsi, pamoja na Antoine Kaburahe, mwanzilishi wa gazeti la Iwacu, wameandika kitabu cha habari hiyo, wakakiita Hutsi. Jina lenyewe limeunganishwa kwa makabila mawili, kama mtu mwenyewe alivyounganishwa. Hao nao ni waandishi wa magazeti waliogeuza swali likaelekea nyumbani.

Na vyama vya wafanyakazi navyo vina wazee wao waliosahauliwa. Januari 1962, miezi michache kabla ya uhuru, Jean Nduwabike, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi vya Kikristo, aliuawa Kamenge katika vurugu za siasa. Ni wanachama wangapi leo wanalijua jina lake? Chama kisichowajua wafu wake kitawezaje kuwatetea walio hai? Mbelgiji alikuwa na mchango wake katika kutugawa, na wanasiasa wetu wakaongeza, lakini kusahau tumejifanyia wenyewe.

TUANZE NA DAFTARI

Ndugu wanachama, hatuwaombi muwe kama Joe Khamis au Alex Haley. Wengi wetu tumesoma shule ya msingi tu, na wengine hata hiyo hatukuimaliza. Mzee Mbotela naye alipanda jahazini bila kujua kusoma. Kinachotakiwa ni daftari la shule, kalamu, na jioni moja ya Jumapili.

Mfuate mzee angali hai. Mwulize jina lake na majina aliyoitwa udogoni, kazini na misikitini au kanisani. Mwulize baba yake na mama yake, na wazazi wa mama, maana upande wa mama ndio husahauliwa kwanza. Mwulize walitoka wapi na walipita njia gani, na walikuwa na nani njiani. Mwulize kazi ya kwanza aliyoifanya, mshahara wake, jina la msimamizi, na siku aliyoumia. Mwulize kama alipata kugoma. Akikataa kujibu swali moja, liache. Rudi siku nyingine na jani la chai na sukari. Usimtilie maneno kinywani. Kisha nenda kwa mzee wa pili, umwulize maswali yaleyale bila kumwambia wa kwanza alisema nini. Andika tarehe uliyouliza. Daftari likijaa, andika nakala, moja ikae kwa ndugu wa mji mwingine, kwa sababu nyumba zetu zimepata kuungua.

Na ukikuta katika habari hizo kwamba babu alinunuliwa, au alichukuliwa Manyema akiwa na miaka kumi amefungwa kamba shingoni, usifute mstari huo. Aibu si yake. Aibu ni ya aliyemfunga, na ya aliyemnunua, na ya aliyelipwa fidia. Babu yako alifanya kazi bila ujira, akaishi, akazaa, na wewe leo una kadi ya chama mfukoni na una haki ya kusema mbele ya mwajiri. Umbali huo wote ameutembea yeye.

Kamati ya chama katika kila tawi na itenge muda katika mkutano wa kila mwezi, dakika 20 zatosha, mwanachama mmoja asome ukurasa mmoja wa daftari lake. Wastaafu waalikwe. Wajane waalikwe pia, maana wao ndio hubaki na masanduku ya karatasi. Makatibu wa matawi waandike majina ya wazee waliokwisha ulizwa, na wale ambao bado, na waanze na wagonjwa.